Damu ya Wazee Wetu Mwaichukua, Sikio Mwaliacha

Barua ya wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Lamu, Waziri wa Afya wa Kaunti, wawakilishi wadi wetu, na wasimamizi wa hospitali, vituo vya afya na zahanati kutoka Amu hadi Kizingitini

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum. Amma baadu, nawaandikia kwa sababu ya tarakimu mbili: sita na tisa.

Baba yangu ana miaka 74. Ni nahodha mstaafu wa Langoni, na ana sukari na presha. Kila mwezi huenda kliniki, hupimwa, hutolewa damu, hupewa dawa na kuambiwa siku ya kurudi. Mwezi wa Shaaban uliopita aliambiwa arudi tarehe sita. Muuguzi alikuwa nyuma ya dirisha la kioo, amevaa barakoa, feni ya darini inanguruma, na foleni nzima inazungumza nyuma ya mgongo wa baba. Yeye akasikia tarehe tisa. Vidonge vilimalizika, akakaa siku tatu bila dawa, roho yake imetulia kabisa, na tarehe tisa asubuhi akavaa kanzu na kofia yake ya vito, akenda zake.

Presha ilikuwa juu mno. Kwenye kadi yake yakaandikwa maneno ambayo maana yake ni kwamba mgonjwa huyu hafuati maagizo.

Kituo chenyewe sikitaji, na muuguzi yule simlaumu. Alihudumia watu wengi siku ile na tarehe aliitaja sawasawa. Kadi ninayo, nimeiweka ndani ya msahafu wangu, na kila nikiiona najiuliza ni wazee wangapi wa kaunti hii wameandikiwa ukaidi kumbe ni masikio.

Mimi ni mwalimu wa gredi ya kwanza, kazi yangu ni silabi. Tamkeni sita, kisha tamkeni tisa. Irabu ni zile zile, i na a, kwa mpangilio ule ule. Konsonanti pia ni zile zile, s na t, zimebadilishana viti tu. Uzee unapoingia sikioni huanza kula sauti nyembamba za juu, na huko juu ndiko ziliko s, sh, f, th na t. Irabu ziko chini, nazo hubaki muda mrefu. Kwa hivyo mzee wa Kiswahili, ambaye katika lugha yake karibu kila neno hutua juu ya irabu, husikia kwamba mtu anasema naye, hujua hata kama amekasirika au amefurahi, lakini neno lenyewe halishiki. Humfikia kama i-a. Ni sita au tisa? Ni shika, fika au pika? Akikisia vizuri husemwa kwamba anasikia akitaka. Akikisia vibaya ni mkaidi.

Ndivyo tulivyosema sisi nyumbani pia, na hili naliandika kwa uchungu. Baba alikuwa akiwasikiliza wajukuu wakisoma Kurani baada ya Magharibi na akiwasahihisha herufi moja moja, sini isigeuke thaa, swadi isigeuke sini. Usiku mmoja mtoto alisoma thaa mahali pa sini, na baba akatikisa kichwa kukubali. Mama akanitazama. Tukasema ni uzee, tukanyamaza. Kisha akaanza kuacha baraza. Wenziwe wa majahazini hukutana kila baada ya alasiri, na mazungumzo ya baraza ya Amu mwayajua, hayangoji mtu; ukiuliza “Waambaje?” mara ya tatu, wengine washapita katika jambo jingine. Akawa anabaki nyumbani. Akiulizwa kuhusu samaki anajibu kuhusu safari. Kaka yangu akasema akili za baba zinaanza kupotea, na mimi sikumpinga.

Mwishowe tulimpeleka Mombasa: boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, zaidi ya kilomita 300 na mzee wa miaka 74. Daktari wa masikio alimulika ndani, akatoa nta iliyokuwa imegandamana katika sikio la kushoto, ngumu kama kokwa ya mkwaju. Halafu akamwingiza katika chumba kisicho na kelele, akamvisha hedifoni na kumpigia milio, mizito kwanza na myembamba baadaye. Mstari wa majibu yake ulianza vizuri kisha ukateremka kama ngazi za gati maji yakipwa. Akavishwa kifaa cha kusaidia kusikia, cha majaribio. Jambo la kwanza baba alilofanya ni kumwomba daktari aseme sita, kisha aseme tisa. Daktari akasema. Baba akanigeukia mimi.

“Sikusema urongo,” akaniambia.

Waheshimiwa, sijui mngefanya nini na maneno hayo lau mngekuwa mahali pangu. Mimi nimeamua kuyageuza barua.

Sasa nije kwenye damu, maana ndipo ombi langu liliposimama. Kijana wa ukoo wetu anasomea kazi ya maabara, na baada ya safari ile aliniletea mambo aliyofundishwa kuhusu damu na uzee. Wataalamu siku hizi hutenga umri wa namna mbili, umri wa kalenda na umri wa mwili. Mafundi wa majahazi wa Matondoni hawahitaji kufafanuliwa hili. Majahazi mawili yakishushwa majini mwaka mmoja, moja likapandishwa pwani kila msimu, likapigwa kalafati upya, likapakwa mafuta ya sifa na deheni, na la pili likaachwa kwenye matope, baada ya miaka 20 hayawi rika tena, hata kama vyeti vyake vina tarehe moja. Fundi hagusi cheti, hugonga mbao na kusikiliza. Wanasayansi nao wanatafuta mahali pa kugonga katika mwili wa binadamu, na wengi wanagonga kwenye damu.

Mwaka 2013 Steve Horvath wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alionyesha kwamba alama ndogo za kemikali zinazobandikwa juu ya DNA, katika vituo 353 alivyovichagua, hubadilika kwa utaratibu kadiri miaka inavyosonga, kiasi kwamba unaweza kuzisoma kama saa. Mwaka 2018 kundi lililoongozwa na Morgan Levine lilikwenda njia nyingine kwanza: lilianza na vipimo tisa vya kawaida vya damu, likavijumlisha na umri wa kalenda, na kupata makisio ya nani amezeeka zaidi ya miaka yake. Mji wa Dunedin, New Zealand, watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatwa mpaka utu uzima wao, na kutokana na mabadiliko ya miili yao kimetengenezwa kipimo cha damu kinachokadiria kasi ya kuzeeka, si umbali uliofikiwa tu.

Vile vipimo tisa nataka mvitazame kwa karibu: albumini, kreatinini ambayo huonyesha hali ya figo, sukari, CRP ambayo ni protini inayotolewa na ini mwili unapowaka uvimbe, asilimia ya limfositi, ukubwa wa chembe nyekundu, tofauti ya ukubwa baina ya chembe hizo, alkalini fosfatasi, na hesabu ya chembe nyeupe. Hakuna hata kimoja kilichotoka mwezini. Sukari na hesabu za chembe ni kazi ya kila siku, vilivyobaki ni kazi ya maabara yoyote ya hospitali iliyo na mashine nzima na kemikali zake. Nakisia basi kwamba sehemu kubwa ya kile ambacho dunia inakiita alama za uzee katika damu tayari inapita katika chupa zenu ndogo, asubuhi za kliniki, kutoka katika mikono ya wazee wetu.

Na sikio linaingiaje hapo? Ndani kabisa ya sikio kuna koklea, iliyojiviringa kama kome. Ndani yake binadamu huzaliwa na seli zenye vijinywele kiasi cha 15,000 kwa kila sikio, na zikifa hazioti tena. Pembeni ya seli hizo kuna utando unaofanya kazi kama betri, na betri hiyo huchajiwa na damu. Damu hiyo hufika kwa mshipa mmoja mwembamba usio na njia ya pili. Mwaujua mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara: maji yakijaa boti za Pate na Faza hupita, yakitoka kila mtu hungoja. Mshipa wa sikio ni Mkanda usio na bahari ya kuzungukia. Sukari ikiharibu kuta zake, presha ikizikaza, moshi wa sigara ukizibana, koklea haina pa kwenda kuomba msaada. Ndiyo maana uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2008 kwa takwimu za taifa zima ulikuta upungufu wa kusikia ni karibu maradufu kwa watu wenye kisukari kuliko wasionacho.

Watafiti wamechukua hatua ya pili, wakalinganisha alama za uzee katika damu na usikivu wa wazee. Baadhi wamekuta wale ambao damu yao ina dalili za uvimbe wa muda mrefu, au ambao saa ya mwili wao imekimbia kuliko kalenda, husikia vibaya zaidi. Wengine wamekuta uhusiano dhaifu, au hawakuukuta. Nasisitiza hili kwa sababu sitaki mtu aisome barua hii akaenda kununua matumaini. Damu na sikio kuchakaa pamoja hakumaanishi kwamba damu ndiyo iliyoliua sikio. Yawezekana vyote viwili vinapigwa na wimbi moja, yaani sukari, presha, tumbaku, umasikini na miaka. Na hakuna tone la damu, liwe limepimwa London au Amu, linaloweza kukuambia kwamba mzee aliyeko mbele yako hakusikia neno tisa. Hilo hujulikana kwa kumpima sikio.

Pana jambo jingine ambalo mtu wa pwani lazima alijue kabla ya kuletewa mashine za kutabiri umri. Saa nyingi za damu zilijengwa kwa damu za Wamarekani na Wazungu. Utafiti wa miaka mingi kule Kilifi, ambako kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome kimekuwepo tangu 1989, umeonyesha kwamba watu wengi wa pwani yetu wamerithi talasemia ya alfa, yaani hitilafu ya chembe nyekundu za damu, au nusu ya selimundu, yaani kutoka kwa mzazi mmoja tu, urithi uliowakinga wazee wao dhidi ya malaria kali. Talasemia hiyo hupunguza ukubwa wa chembe nyekundu tangu utotoni, na ukubwa wa chembe ni kimoja katika vile vipimo tisa. Selimundu nayo yaweza kupotosha kipimo cha sukari cha miezi mitatu. Saa iliyorekebishwa kwa jua la nchi nyingine haiwezi kuwaambia watu wetu wakati wa sala bila kurekebishwa upya. Ikiwa kaunti siku moja itaalikwa katika utafiti wa uzee, naomba msiende kama watoa damu tu. Waiteni wataalamu wa Kilifi, ambao wanaijua damu hii, na muulize mapema matokeo yatarudi kwa nani na kwa lugha gani.

Lakini hayo ni ya kesho. Leo naomba kitu kidogo.

Siku ya kliniki ya sukari na presha, sikio lipimwe. Hilo ndilo ombi. Mzee amekuja mwenyewe, amepanga foleni, mkono ameutoa, damu mmechukua. Kabla hajaondoka, mtu mmoja asimame nyuma yake umbali wa mkono, ambane sikio moja, amnong'oneze namba tatu katika sikio la pili, kisha abadilishe. Kipimo cha kunong'ona ni cha zamani, kinajulikana na madaktari wa dunia nzima, na hakihitaji umeme. Nashauri sita na tisa ziwemo, pamoja na saba. Asiyeweza kurudia namba amulikwe kwa otoskopu, tochi ya kutazamia ndani ya sikio, ili kutazama nta au usaha. Nta itolewe hapo hapo na aliyefunzwa, maana ni tatizo la kawaida mno kwa wazee na ni dhambi mtu kuishi kiziwi kwa sababu ya kitu kinachoweza kuoshwa kwa maji ya vuguvugu. Akibaki hasikii, apewe tarehe ya odiometa, mashine ya kupimia usikivu kwa milio. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2021 kwamba kuanzia miaka 50 watu wazima wapimwe usikivu, kila miaka 5 mpaka 64, kisha mara nyingi zaidi, kila mwaka mmoja hadi mitatu. Kwa mwenye sukari mimi ningesema kila mwaka, na naamini daktari wenu wa kisukari hatanipinga.

Najua mtasema hatuna wataalamu wa masikio. Kweli. Ndiyo maana nataka msome mwongozo mwingine wa shirika hilo hilo, wa mwaka 2024, kuhusu vifaa vya kusikia katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Unasema wazi kwamba kazi nyingi za kupima watu wazima, kuwavisha vifaa na kuwafuatilia zaweza kufanywa na watu wasio wataalamu wakifunzwa vizuri na kusimamiwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii tayari wanapita mlango kwa mlango na mikoba yenye kipima presha na kipima sukari. Wanawajua wazee kwa majina ya mababu zao. Wafundisheni sikio. Siyu na Ndau hazihitaji daktari bingwa ili nta itolewe.

Odiometa moja na chumba kimya, pale makao makuu ya kaunti. Chumba kimya nakitaja kwa makusudi, kwa sababu kipimo cha sikio karibu na jenereta au chini ya spika ya matangazo ni kazi bure. Kuta za mawe za nyumba zetu za zamani, zenye unene wa dhiraa, zilijengwa na watu waliojua thamani ya utulivu. Mafundi wapo, mawazo yapo. Upande wa pili wa maji imejengwa bandari ya kupokea meli kubwa kabisa, gati yake ya kwanza ikaanza kazi Mei 2021. Kaunti iliyoona kina cha bahari kikichimbwa kwa ajili ya meli haitashindwa kuzuia kelele katika chumba cha hatua nne kwa tatu.

Vifaa vyenyewe ndipo penye gharama, sitaficha. Bei tuliyotajiwa Mombasa ilikuwa kubwa kuliko mapato ya mashua ya kaka yangu kwa miezi kadhaa, na baba, kama wazee wengine wa miaka 70 na zaidi, akipata shilingi 2,000 za Inua Jamii, fedha za serikali kwa wazee, kwa mwezi hawezi kuota bei hiyo. Duniani kote ni watu 17 tu katika kila 100 wanaohitaji vifaa hivyo ndio wanaovitumia, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Naomba mambo mawili. Tengeni fungu katika bajeti ya kaunti, hata liwe la wazee wachache kila mwaka kwa kuanzia, na betri na matengenezo yahesabiwe humo, kwa kuwa kifaa kisicho na betri ni shanga. Na kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali, andikeni kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mbandike ukutani katika kila zahanati: kwa sikio la mzee analipiwa nini, wapi, na kwa karatasi gani. Tusiambiwe njoo kesho. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kila dola moja inayowekwa katika huduma za masikio hurudisha karibu dola 16. Siku tatu za baba bila vidonge zingeweza kuishia kwa kiharusi, na kiharusi kimoja kingewagharimu zaidi ya otoskopu kumi.

Kuna dawa pia. Gentamaisini ni sindano ya kuua bakteria inayookoa maisha na inatumiwa sana, nami sisemi iachwe. Ila inajulikana kwamba yaweza kuua vile vijinywele visivyoota tena, hasa figo zikiwa dhaifu, na figo za wazee wenye sukari mara nyingi ni dhaifu. Kreatinini ipo katika damu mliyokwisha kuichukua. Isomwe kabla ya sindano. Mgonjwa aulizwe kama masikio yameanza kulia.

Na kelele zizuiwe kwa walio bado kazini: wakata mawe wa Manda Maweni, manahodha wanaokaa juu ya mashine ya dizeli, vijana wa mashine za kuranda mbao. Kazi ya saa nane katika kelele ya desibeli 85 ndiyo mpaka ambao wataalamu wa afya kazini hawapendi uvukwe. Baba aliuvuka kwa miaka mingi akidhani mlio wa usiku masikioni mwake ni wa bahari.

Nirudi kwenye akili, kwa sababu kosa letu sisi ndugu lilikuwa huko. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kuzuilika ambayo huongeza hatari ya mtu kupoteza kumbukumbu uzeeni, na kutosikia ni miongoni mwa yaliyo mazito zaidi. Majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2023 huko Marekani yaliwafuata wazee 977 wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu. Kwa wote kwa jumla, vifaa vya kusikia havikuonyesha tofauti katika kushuka kwa akili. Lakini kwa lile kundi lililokuwa na hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, kushuka huko kulipungua kwa asilimia 48. Wengi wa kundi hilo walikuwa wazee zaidi, wenye maradhi kama sukari na presha. Nawaomba mlisome tena kundi hilo, kisha mwende mkaitazame foleni ya kliniki yenu.

Nimesema sana juu ya baba na manahodha, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifungulia macho. Mama zetu ndio wanaoniogofya zaidi. Mwanamume akiacha baraza watu huuliza yuko wapi. Bibi aliyekaa ndani, anayekwenda arusini na kupiga vugo kwa kuwatazama wenziwe mikono maana nyimbo hazimfikii tena, nani atajua? Hana kadi ya kliniki ikiwa hana sukari. Ndiyo maana nikasema wahamasishaji wafundishwe, na wawe wanawake, waingie ndani. Bibi yangu mzaa mama alifariki tukimwita mkimya. Miaka yake ya mwisho nilizoea kumsemesha nikiwa nimempa mgongo, ninapika. Alikuwa hanijibu, nami nikidhani amechoka nami.

Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo ni ya mtu asiyeonyeka, lakini nimeisikia ikitumiwa kwa wazee kama hukumu ya daktari, nimeisikia hata kwenye benchi la kliniki, na ningependa isisikike tena mahali pale. Katiba yetu, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima, na kupata matunzo ya familia na ya serikali. Familia tumekosa, nimeeleza. Upande wa serikali, afya imo mikononi mwenu tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, kwa hivyo sina haja ya kuandika Nairobi.

Siku ya Kusikia Duniani ni tarehe 3 Machi kila mwaka. Naomba kabla ya siku hiyo mtujibu, kwa barua au kwa kikao pale uwanja wa Mkunguni, ni zahanati zipi zitaanza na nani atafunzwa kwanza. Kipaza sauti kikiwepo, wazee wawekwe mbele, na anayesema asizibe mdomo, wengi wao husoma midomo bila kujijua. Nami nitajitolea Jumamosi zangu kufundisha kile kipimo cha kunong'ona kwa yeyote mtakayemleta. Silabi ndiyo kazi yangu.

Kliniki ya baba ni Jumanne ijayo. Tarehe nimemwandikia kwa tarakimu kubwa nyuma ya kadi, chini ya yale maneno, na nitakwenda naye. Atatolewa damu kama kawaida. Nitamwomba muuguzi, kwa adabu, avue barakoa kidogo na kumtazama usoni anapomtajia siku ya kurudi, kisha ammulike sikio la kushoto, kwa sababu nta imeanza tena.

Wasalaam,

Mwalimu, na binti wa nahodha
Langoni, Lamu